Shuka za Vitanda Viwili

Kila Jumatatu, kwa miaka kumi na mmoja, Krijn alianika uongo.

Aliuanika mchana kweupe, kwenye kamba iliyofungwa kati ya banda la ng'ombe na ghala la nyasi, mahali ambapo Geesje, mke wa jirani wa kwanza, angeuona bila hata kunyoosha shingo. Shuka jozi mbili. Moja ya kitanda kikubwa cha Wolter, mwenye shamba la Oldemeule. Nyingine ya kitanda chembamba kilichokuwa katika chumba kidogo ubavuni mwa banda, ambako Krijn, mfanyakazi wake, alisemekana kulala. Kitanda hicho hakikuwahi kulaliwa na kiumbe ila paka. Hata hivyo kila Jumatatu shuka zake zilivuliwa, zikafuliwa, zikaanikwa, ili ulimwengu uhesabu vitanda viwili na uende zake. Na ulimwengu wa pale ulikuwa nyumba sita tu.

Jumatatu hii ya Novemba kapu la nguo lilikuwa bado limekaa jikoni, shuka zikiwa mbichi, kwa sababu Lubbert alikuwa ameingia.

Aliingia kwa mlango wa nyuma kama watu wote. Mlango wa mbele wa Oldemeule, kama milango ya mbele ya nyumba zote za upande ule wa Twente, mashariki mwa Uholanzi, hufunguliwa kwa ajili ya bibi harusi na kwa ajili ya jeneza tu. Lubbert alivua mitalawanda yake ya mbao kizingitini, akapita jikoni kwa soksi bila kumtazama Krijn, akaenda moja kwa moja chumbani alikolazwa Wolter. Alikuwa mzee wa miaka sitini na minane, mwenye mikono kama makasia, na alikuwa na kazi. Yeye ndiye jirani wa kwanza. Hakichaguliwi kwa mapenzi cheo hicho, huchaguliwa kwa hatua: nyumba yako ikiwa ndiyo ya karibu zaidi, basi kifo cha nyumba ile ni kazi yako. Utapeleka habari mlango kwa mlango, utapanga wachukuzi, utahakikisha ng'ombe wamekamuliwa. Umpende marehemu, usimpende, hilo ni shauri lako na Mungu wako.

"Wolter."

"Lubbert."

"Nimekuja kuuliza."

"Uliza. Leo sina pa kwenda. Alhamisi ndiyo nina miadi."

Lubbert hakucheka. Nyumba zote sita zilijua habari ya Alhamisi. Saratani ya kongosho ilikuwa imemla Wolter tangu mwezi wa nane, ikamwachia mifupa, macho na ulimi. Vidonge vilikuwa havifui dafu tena. Alhamisi, saa nne asubuhi, daktari angekuja kumwekea dawa ya kumlaza, na kutoka usingizi ule hakuna anayeamka. Lolote lililobaki kusemwa lilikuwa na siku tatu.

"Wachukuzi?"

"Nyinyi sita. Kama mlivyombeba mama."

"Kengele ya kanisa?"

"Ilie."

Lubbert alitoa daftari dogo na kipande cha penseli ya fundi seremala. Akailamba ncha. "Habari niipeleke kwa jina la nani?"

Krijn alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha maji. Alijua maana ya swali hilo kama ajuavyo chuchu za ng'ombe wake. Katika kila mlango Lubbert angevua kofia na kusema: fulani anawaarifu kwamba Wolter wa Oldemeule amefariki. Fulani huyo ndiye mwenye msiba. Ndiye anayepewa mkono wa pole, ndiye anayetembea wa kwanza nyuma ya jeneza. Asiyetajwa hana msiba, hata akilia mpaka macho yatoke.

Wolter aliangalia dari.

"Dineke," akasema.

Dineke ni dada yake. Aliishi mjini Almelo, alikuja Jumapili na keki, akaondoka na malalamiko kwamba nywele zake zinanuka ng'ombe.

"Dineke," Lubbert alirudia huku akiandika. Kisha, bila kuinua kichwa, "Na huyu Mzelandi?"

Miaka kumi na mmoja, na bado alikuwa Mzelandi. Mtu wa Zeeland, wa kule baharini kusini, mtu wa mbali.

"Krijn atakamua," akasema Wolter.

Lubbert alifunga daftari, akalirudisha mfukoni, akaondoka kama alivyokuja.

Krijn aliweka kikombe juu ya meza ndogo kwa utaratibu mkubwa, kama mtu anayeogopa mkono wake mwenyewe. Lilikuwa limemjia akilini banda la miaka saba iliyopita, siku aliyofariki mama yake Wolter. Bibi yule alikuwa ameugua miaka miwili, na mikono iliyomwogesha, iliyomlisha uji, iliyomkata kucha, ilikuwa ya Krijn. Jioni ya msiba Lubbert aliingia bandani pamoja na Egbert wa shamba la pili. Wakamwondoa Wolter kwenye mashine ya kukamulia kwa kumshika bega, kwa upole, kama mtoto. "Toka, Wolter. Mwenye msiba hakamui." Halafu Egbert akamgeukia Krijn, akamsukumia ndoo kifuani. "Wewe endelea." Krijn aliendelea. Aliegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe na kulilia humo, ili wale wawili wasione.

"Atakamua," alisema sasa.

"Ng'ombe hawajui kama mtu kafa."

"Mimi nitajua."

"Krijn, usianze."

"Nisianze? Nianze lini basi, Ijumaa? Unaogopa nini, Wolter? Utakuwa umekufa! Watakufanya nini, watakuua?"

"Wewe ndiye utakayebaki nao. Nakulinda."

"Muongo. Unalinda jina lako. Unataka uzikwe msafi, na mimi nibaki na samadi."

"Nilikuambia." Sauti ya Wolter ilikuwa nyembamba lakini ilikata. "Siku ya kwanza kabisa, kwenye kituo cha treni cha Almelo, nilikuambia kwetu hili haliendi barazani. Ukasema sawa. Hakuna aliyekufunga kamba."

"Nilikuwa na miaka thelathini na miwili, na wewe ulikuwa na mabega."

Wolter alitaka kucheka, na cheko likamchoma tumboni kama uma wa nyasi. Akajikunja. Krijn alikuwa ameshafika na beseni, mkono mmoja nyuma ya kichwa kile kilichobaki chepesi kama kibuyu. Alimfuta mdomo. Alimfuta na huku anamtukana. "Tema. Tema yote, shetani wewe. Polepole. Mjinga mkubwa. Haya, kunywa kidogo."

Wolter alilala tena, macho yamefumba. Alipopata pumzi alisema, "Kaanike nguo. Geesje atashangaa."

Lau angesema neno jingine lolote, pengine mambo yangekwenda kama yalivyopangwa.

Krijn alibeba kapu mpaka uani. Upepo ulikuwa wa baridi, umenyooka. Alianika jozi moja tu, ile ya kitanda kikubwa, shuka pana za watu wawili, akazibana vibanio kwa nguvu kana kwamba anapigilia misumari. Jozi ya pili aliipeleka bandani, akapiga nayo magoti kwenye majani, akamfutia ndama aliyezaliwa alfajiri. Ilipolowa ute na damu aliitupa kwenye lundo la samadi.

Ng'ambo ya shamba, pazia la jikoni mwa Geesje lilisogea.

*

Usiku ule hakulala, lakini hakuna haja ya kuusimulia. Asubuhi ya Jumanne alivaa suruali safi, akapanda baiskeli, akaenda kufanya jambo lililochelewa miaka kumi na mmoja.

Mgeni akihamia upande ule, kabla mwezi haujaisha huwaita majirani. Huwapa zabibu kavu zilizolowekwa kwenye brandi, bakuli moja, kijiko kimoja, kila mtu anakula na kumpasia mwenzake. Baada ya hapo amepata majirani. Asiyelizungusha bakuli hana majirani, hata akikaa pale mpaka meno yamtoke. Akiungua, atazima moto peke yake. Krijn alipofika alikuwa ameuliza, "Lini tunawaita?" na Wolter alikuwa amejibu, "Mfanyakazi haiti. Anayeita ni mtu wa nyumba." Likaishia hapo. Wakadhani wameficha siri, kumbe walichokuwa wamefanya, mbele ya macho ya nyumba sita, ni kukataa kula na watu.

Egbert alikuwa akikwangua samadi uani. Mtu mfupi, mwekundu wa shingo, ana ulimi wenye miiba.

"Kesho saa tisa alasiri," akasema Krijn. "Oldemeule. Nawaalika kwenye bakuli."

Egbert aliegemea koleo. "Miaka kumi na mmoja. Zabibu zako zinaiva polepole, Mzelandi."

"Zimeiva."

"Unatualika kama nani?"

"Kama mtu anayelala Oldemeule."

"Analala wapi?"

"Njoo uone."

Shingo ya Egbert ilizidi wekundu. Alitema mate pembeni, si karibu sana na gurudumu la baiskeli, si mbali sana. "Sikiliza. Wolter nitambeba, bega langu limezaliwa na deni hilo. Wewe sitakubebea hata kijiko. Mtu anakufa mle ndani na wewe unazungusha sherehe. Huna haya?"

"Haya ninayo ya kutosha. Nimeshiba. Ukitaka nikugawie."

Nyumba nyingine zilikuwa hivyo hivyo, zikitofautiana sauti tu. Wawili walisema wataona. Mmoja alisema kesho anakwenda kwa daktari wa meno. Mmoja alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita mbwa wake. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Lubbert, na aliyefungua ni Geesje, mikono imejaa unga.

"Nimeiona kamba," akasema.

"Najua umeiona."

"Hujui lolote wewe," akasema Geesje, akafunga mlango.

Alipomwambia Wolter, alimwambia akiwa amesimama mguuni pa kitanda, mbali na kufikiwa.

"Umewaita hapa? Kwenye kitanda changu cha mauti?"

"Kitanda chetu. Nililipaka rangi mwenyewe hili libao la kichwani."

"Nitawafukuza."

"Kwa mguu gani?"

Neno lilitoka, likakaa chumbani, na hakuna kati yao aliyeweza kulirudisha. Wolter aligeuza uso ukutani. Krijn alimgeuza ubavu kila baada ya saa tatu, alimpa dawa, alimlowesha midomo, na uso ukabaki ukutani. Walikuwa wamebakiwa na chini ya siku mbili za maneno, na nyingi ya saa hizo wakazimaliza kwa kununiana.

*

Zabibu hulowekwa miezi. Za Krijn zilikuwa zimelowekwa tangu jana.

Saa tisa alasiri ya Jumatano milio ya baiskeli na mitalawanda ilisikika uani: Lubbert na Geesje, mume na mke wa shamba la tatu, mjane mmoja kutoka kona ya barabara, na mwisho kabisa, kwa kuchelewa ili aonekane amechelewa, Egbert. Nyumba nne kati ya sita. Wakakaa kwenye viti alivyovipanga Krijn kuzunguka chumba cha mgonjwa. Wakaangalia kitanda kipana. Wakaangalia mito miwili. Wakaangalia magoti yao.

"Nani anatoa bakuli?" akauliza Lubbert. Ndivyo inavyoulizwa.

Macho yote yakaenda kwenye kisogo cha Wolter. Kisogo hakikugeuka.

"Mimi," akasema Krijn.

"Mfanyakazi hatoi bakuli," akasema Egbert.

Krijn alilichukua kutoka mezani. Kijiko kikawa kinagonga ukingo, ti-ti-ti, kama meno ya mtu mwenye baridi. Alikula kijiko cha kwanza kama ipasavyo, akampasia mjane. Mjane alikula, akatafuna, akaendelea kutafuna. "Mungu wangu," akasema, "mbona kama kokoto," na mke wa shamba la tatu akacheka kwa pua kisha akajuta. Bakuli likampita yeye, likampita mumewe, likafika kwa Egbert.

Egbert hakula. Alitoa leso kubwa ya bluu mfukoni. Akakifuta kijiko ndani, akakifuta nje, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakifuta tena.

"Egbert."

Sauti ilitoka ukutani. Kichwa cha Wolter kilikuwa kikigeuka juu ya mto, kidogo kidogo, na ilichukua muda mrefu, na watu wote wakasubiri kigeuke.

"Unafuta nini?"

"Kijiko."

"Kina nini?"

"Unajua mwenyewe."

"Sijui. Niambie. Kesho saa nne nalazwa, nisipojua leo sitajua tena."

Egbert alimwelekezea Krijn kijiko. "Kimepita mdomoni mwake."

"Kimepita pia mdomoni mwa huyo bibi hapo, na mwa huyo, na mwa huyo. Midomo ni minne. Unafuta wa nani?"

"Wake."

"Mdomo huo nimeubusu miaka kumi na mmoja, Egbert, na haukuniua. Kilichoniua ni kongosho. Waulize hospitali."

Mume wa shamba la tatu alianza kukohoa. Egbert aliweka bakuli sakafuni, kijiko ndani, akasimama. "Sikuja hapa kusikia uchafu," akasema, na soksi zake zikapita jikoni upesi, na mlango wa nyuma ukabamizwa.

Wolter alikuwa anahema. Jasho lilimtoka. Hakumtazama Krijn, alimtazama Geesje. "Jumatatu kamba ilikuwa na nini?"

"Jozi moja," akasema Geesje.

"Na miaka yote?"

"Jozi mbili. Na moja hakuna mtu aliyepata kuilalia." Alisema kwa sauti kavu, kama anayesoma bei. "Unadhani mimi kipofu? Mtu anashinda na ng'ombe, shuka zake zinarudi kamba ile kila wiki bila doa wala kuchakaa? Nilijua kabla ya Krismasi ya kwanza. Nikamwambia huyu." Alimwonyesha Lubbert kwa kidevu. "Tukangoja mtuambie. Tumengoja mpaka nimezeeka."

Krijn alihesabu kichwani. Jumatatu mia tano na ushee. Vidole vimepasuka kwa baridi, akimdanganya mtu asiyedanganyika.

"Basi kama mlijua," akasema Wolter, "mnangoja niseme nini?"

Hapo Lubbert akasimama, na ikaonekana alikuwa amekasirika tangu aingie, pengine tangu miaka mingi. "Hilo hilo! Shuka hazisemi, Wolter. Baba yako alimbeba baba yangu. Mimi nimembeba mama yako. Na wewe ukakaa hatua mia tatu kutoka kwangu ukatufanya wajinga. Ungeniambia, ningekasirika. Ndiyo, ningekasirika, sikufichi, mimi jambo hili halinipendezi hata leo. Ningekasirika mwaka, miwili, yakaisha, tukaendelea na kazi. Sasa unanilazimisha nimkasirikie mtu anayekufa! Unajua ni aibu gani hiyo?"

Alitoa daftari. Kurasa zikamshinda vidole.

"Humu nina Dineke."

"Futa," akasema Wolter.

"Niandike nani?"

Ndipo Wolter alipomtazama Krijn. Haukuwa mtazamo wa mapenzi. Ulikuwa mtazamo wa mtu aliyenyang'anywa kitu alichokishika kwa meno maisha yake yote.

"Huyo hapo. Krijn."

"Krijn nani?"

Kule hakuna anayeitwa kwa jina la baba. Huitwa kwa shamba, kwa nyumba uliyomo.

"Krijn wa Oldemeule. Umeridhika?" Swali hilo hakuulizwa Lubbert. "Umeridhika sasa? Nitoleeni watu chumbani mwangu."

*

Alhamisi daktari alikuja saa nne kasoro. Alipokuwa akitayarisha sindano, Wolter aliita kwa kidole, na Krijn akainama.

"Zabibu zilikuwa mbovu."

"Najua."

"Bado nina hasira na wewe."

"Na mimi ninayo."

"Vizuri," akasema Wolter. "Usiimalize upesi."

Daktari alitafuta kitu mkobani kwa muda mrefu zaidi ya uliohitajika. Krijn alipanda kitandani upande wake, na viatu, akalala pale akimshika mpaka vidole vilipolegea. Wolter alipumua siku mbili zaidi. Jumamosi, saa sita mchana, aliacha.

Krijn alimpigia simu Dineke, kisha, baada ya saa nzima, Lubbert. Dineke alifika kwanza, macho mekundu, akamwambia Krijn asante kwa kazi yote, kama anavyoshukuriwa fundi bomba. Lubbert alipofika, amevaa koti jeusi, Dineke alimwahi mlangoni. "Utapeleka kwa jina langu," Krijn alimsikia akisema. "Mimi ndiye damu yake." Wakanong'ona. Kutoka jikoni Krijn aliona kofia ya Lubbert ikiinama mara moja, ikiinuka. Kisha mzee akapanda baiskeli, akakata kona ya ghala, akaenda. Hakuwa amemtazama Krijn hata kwa bahati mbaya.

Basi ndiyo hivyo, Krijn aliwaza. Damu ni damu, na penseli hufutika.

Ilipofika saa kumi na nusu alivaa ovaroli. Hakuna aliyemwambia avae. Ng'ombe walikuwa wanalia, viwele vimejaa, na mfanyakazi hukamua. Aliwasha mashine. Alimfikia ng'ombe wa kwanza, akamwosha chuchu kwa maji ya uvuguvugu, akainua vikombe vya mashine, na hapo mlango wa banda ukaburuzwa, na mitalawanda ikaingia ikigonga saruji.

Alikuwa Egbert. Amevaa ovaroli safi, iliyopigwa pasi, mkunjo umesimama mbele.

"Toka," akasema Egbert.

Krijn alinyooka. Damu ilimpanda. Alikuwa na vikombe vya chuma mkononi, na aliona waziwazi jinsi vingetua kwenye shingo ile nyekundu. "Hamwezi kungoja hata azikwe? Leo leo mnanifukuza? Banda hili mimi—"

"Toka, nimesema." Egbert alivichukua vile vikombe kutoka mkononi mwake, kwa nguvu, kidole kwa kidole. "Lubbert amepita kwangu. Nimepewa habari kwa jina lako. Mwenye msiba hakamui."

Ng'ombe alipiga teke hewani. Egbert alimpiga kofi la paja bila kumtazama.

"Na usinikodolee macho. Zabibu zako sili, leo wala mwakani. Yupi mwenye teke?"

"Huyo. Na wa tano ana kidonda kwenye chuchu. Mwanze taratibu."

"Nilikuwa nakamua kabla hujaota jino. Toka."

Krijn alitoka. Alifika katikati ya ua, akasimama chini ya kamba tupu, na hakujua mikono aiweke wapi. Upande wa mbele wa nyumba Lubbert alikuwa amekwisha kurudi, akiligonga kwa nyundo komeo la mlango wa mbele, kutu ikidondoka. Nyuma, bandani, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja, Krijn aliisikia mashine ya kukamulia akiwa nje.